Zamu ya Odero Kwenye Simu

Watu wa mtaa wa Woodley walimjua Peres kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Asubuhi akitoka kwenda kazini aliwasalimu watu kuanzia langoni kwake mpaka kituo cha Adams Arcade, na kila salamu yake ilikuwa na mkia: mguu umepona? Mtoto ameacha kukohoa? Yule fundi wa bomba alirudi au alikula pesa zenu akatoweka? Huko mjini, katika duka la jumla la vitambaa la Bwana Moiz, alikuwa ndiye mpokea simu. Aliketi orofa ya kwanza, juu ya mirundo ya khanga na satini, na wenye maduka wa Nakuru, Machakos na Kisumu ambao hawakuwahi kumtia machoni walimhesabu kama dada yao. Wengine walianza kwa kumweleza ya nyumbani kwao, kisha ndipo wakakumbuka kuagiza vitambaa.

Lakini simu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Jumapili alasiri, nayo haikuwa ya Bwana Moiz. Baada ya kanisa na chakula, Peres alikwangua kadi yake ya simu, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma ambako mtandao ulishika vizuri, akampigia Jacklyne, kitinda mimba wake, aliyekuwa akisomea ualimu kule Nyeri. Alimwambia kila kitu. Kwamba mparachichi umeangusha maua. Kwamba Wamucii wa kioski amenunua friji na sasa anauza maziwa baridi kwa watu ambao hawajamwomba maziwa baridi. Kwamba kwaya iliimba vibaya, na nani aliyeiharibu. Yalikuwa mambo madogo madogo tu, lakini Jacklyne aliyachukua yote kama mtu anayepokea chakula cha nyumbani.

Odero, mume wa Peres, alikuwa seremala. Alikuwa na kibanda chake kando ya Ngong Road, wanapopanga vitanda na makabati nje ili watu wa magari wayaone. Alikuwa mtu wa maneno machache, si kwa ukali, ila aliona kama mambo mengi yanajisemea yenyewe. Jumapili alilala kitini na gazeti kifuani, na mara kwa mara alifungua jicho moja akasema, "Na huyo mtoto anasoma saa ngapi, ukimjaza na mambo yote hayo?"

"Hayo ndiyo yanamsomesha," Peres alijibu, akaendelea.

Mwaka huo, kabla ya mvua za masika, uvimbe uliokuwa shingoni mwa Peres kwa muda mrefu ulianza kukua. Mwanzoni aliuficha kwa skafu. Baadaye ukaanza kumbana akimeza. Daktari alimwambia ni rovu, na kwamba ni afadhali kulitoa mapema kabla halijaziba njia ya pumzi. Peres aliogopa, lakini alikubali. Siku ya kupasuliwa Odero alimsindikiza mpaka kwenye mlango ambao yeye hakuruhusiwa kuupita, akamshika mkono, akasema, "Haya, basi." Ndivyo alivyosema, na Peres akaingizwa ndani.

Alipozinduka, uso wa kwanza aliouona haukuwa wa Odero. Ulikuwa wa Ramila, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kihindi aliyekuwa na cherehani zake pale Adams Arcade. Alikuwa ameketi kando ya kitanda, ncha ya sari imekunjwa mapajani, na chupa ya chai miguuni.

"Mama Quincy! Umeamka! Asante Bhagwan, asante Mungu," Ramila alisema, akimwita kwa jina la mwanawe mkubwa kama kawaida, machozi yakimtoka. "Wewe pole pole. Usiinuke."

Peres alitaka kuuliza Odero yuko wapi. Alifungua mdomo. Pumzi ilitoka, lakini sauti haikutoka.

Daktari alikuja baadaye, akavuta kiti na kumweleza bila kumficha. Uvimbe umetoka wote na si wa hatari. Hiyo ndiyo habari njema. Lakini mshipa unaoiendesha sauti unapita nyuma kabisa ya mahali palipokatwa, na umetikisika. Mara nyingi huamka wenyewe, baada ya majuma au miezi. Wakati mwingine hauamki. Kwa sasa asilazimishe, wala asinong'one, kwa maana kunong'ona nako ni kazi.

Jioni Odero alikuja. Alisimama upande wa miguuni wa kitanda, akaangalia bandeji, akaangalia sakafu. Shati lake lilikuwa na vumbi la mbao, na kwenye nywele zake kulikuwa na maranda, yale maganda membamba yanayotoka ubao ukipigwa randa. Peres aliyaona. Basi alikwenda kazini, alisema moyoni. Mimi nimelazwa hapa na kisu kooni, naye amekwenda kutengeneza kitanda cha mtu. Hakuwa na sauti ya kumuuliza, kwa hiyo neno hilo halikutoka. Lilibaki ndani, likatafuta mahali pa kukaa.

Wakamrudisha nyumbani. Nyumba ikawa kimya namna ambayo haikupata kuwa.

Jumapili ya kwanza ilipofika, Peres alichukua simu kwa mazoea, kisha akakumbuka. Alimpa Odero. Odero aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake. Jacklyne alijua kuhusu upasuaji, na alijua mama yake haongei kwa muda. Alikuwa anangoja tu kusikia zaidi.

"Haloo," alisema Odero. "Sisi wazima. Mama yako anaendelea vizuri, ila haongei. Wewe mzima? Haya basi. Soma."

Akakata.

Peres alimtazama kama vile ameutupa mkate mzima jalalani. Simu ikalia papo hapo.

"Baba, mbona umekata?" Sauti ya Jacklyne ilisikika chumba kizima. "Niambie habari za nyumbani!"

"Nimekwambia. Tuko wazima."

"Hiyo si habari, baba. Mama huniambia mpaka mboga imeungua vipi."

"Mboga haijaungua," Odero alisema baada ya kufikiri.

Peres hakuweza kuvumilia. Alimgusa bega akaonyesha dirishani, upande wa kwa Mzee Ephantus, jirani yao wa mbele, karani wa baraza la jiji aliyestaafu. Huko kulikuwa na jambo jipya, tena jambo la kuchekesha, na Jacklyne alistahili kulisikia. Peres alitanua mikono, akavimbisha kifua, akavuta shingo mbele na nyuma, akatembea hatua chache kwa majivuno.

"Mama yako anapiga mbawa," Odero aliripoti kwa wasiwasi.

"Anapiga nini?"

"Anaonyesha kwa Ephantus. Sijui Ephantus amefanya nini. Pengine amenunua koti."

Peres alijishika kichwa, akarudi kuketi.

Jumapili ya pili alijaribu njia nyingine. Aliandika habari kwenye karatasi, akampa Odero asome. Odero alivaa miwani, akakohoa, akasoma kwa sauti moja bila kupumzika: kwamba Bi. Wamucii wa kioski amepata nafuu ya meno, kwamba kwaya ya kanisa imepata mwalimu mpya, kwamba paka wa jirani ameonekana upande wa dobi. Upande wa pili Jacklyne akaangua kicheko.

"Baba, unanisomea kama matangazo ya vifo redioni!"

Peres naye alicheka, mabega yakitikisika bila sauti. Odero alitazama karatasi, akamtazama mke wake, kisha akaikunja. Hakukasirika. Lakini usiku huo hakula sana, na Peres alijua kuna kitu kimemgusa.

Kilichofuata Peres alikiona kutokea dirishani, kidogo kidogo. Jumatatu, Odero aliporudi kutoka kibandani, hakuingia moja kwa moja kama desturi yake. Alisimama langoni kwa Ephantus, akazungumza naye. Siku nyingine akaonekana kwenye kioski cha Wamucii, ameegemea dirisha, soda mkononi; mtu ambaye alikuwa akinunua kiberiti na kuondoka bila hata kungoja chenji ihesabiwe. Siku ya Ijumaa alipita Adams Arcade kwa Ramila, akarudi na sufuria ya wali laini uliopikwa na dengu, ambao Ramila aliuita khichdi na kusema hakuna koo litakaloukataa.

"Ramila anakusalimu," alisema huku akimpakulia. Kisha akaongeza kama mtu anayejaribu kiatu kipya: "Anasema mtoto wake Tanvi amepata kazi huko Leicester. Kwenye benki. Ila baridi inamtesa, anavaa soksi mbili."

Peres aliinua macho. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia Odero akileta habari ya soksi za mtu.

Jumapili iliyofuata alishika simu kabla hajapewa. Peres alikuwa kitini sebuleni akiambua njegere, bakuli mapajani. Odero alisimama katikati ya chumba.

"Jacky, nina habari," alisema.

Akaanza. Alisema Nanjala, mke wa Quincy, kaka yake Jacklyne, sasa tumbo limekuwa kubwa na anakula udongo ule wa kununua sokoni mpaka Quincy ameficha mfuko juu ya kabati, na Nanjala ameupata. Alisema mvua imevimbisha mlango wa jikoni, kwa hiyo ameupunguza ukingo wa chini kwa randa, na sasa mlango unafunga bila kelele, ila Peres anausukuma kwa nguvu ileile ya zamani na kila mara nusura aanguke. Alieleza soksi za Tanvi. Hakusimulia kama Peres. Peres alirukaruka kutoka mtu hadi mtu kama kuku anayedonoa. Odero alichukua kitu kimoja, akakipima, akakigeuza, akakiweka chini ndipo akachukua kingine. Lakini sasa zilikuwa habari kweli, na upande wa pili Jacklyne alicheka na kuuliza na kutaka zaidi.

Kisha akauliza, "Baba, na siku ile mama alipoamka hospitalini, ulimwambia nini?"

Vidole vya Peres vilisimama ndani ya ganda la njegere.

Odero alitembea mpaka dirishani, akasimama hapo akimpa mke wake mgongo. Alijua Peres yupo. Hilo Peres alikuja kulifikiria sana baadaye: alijua yupo, naye akasema hata hivyo.

"Sikuwa ndani," alisema.

"Ulikuwa kazini?"

"Hapana. Nilikuwa hapo nje, kwenye benchi, tangu walipomwingiza. Ramila alinikuta hapo. Akanipa chai, sikuweza kuinywa. Sasa muuguzi akatoka akaita, 'Nani wa Peres?' Jacky, mimi nimewahi kusukuma kabati la milango mitatu kwa mkokoteni kutoka kibandani mpaka Karen. Lakini pale miguu yangu mwenyewe ilinishinda. Nilimwangalia yule muuguzi usoni nikasema, huyu anakuja kuniambia mambo yamekwisha. Nikamwambia Ramila, ingia wewe. Akaingia. Alipotoka akasema, ameamka, anakutafuta kwa macho."

"Ukaingia?"

"Nikatoka nje. Sijui nilipita wapi. Nilijikuta kibandani, nimeshika ubao wa mvule, ninaupiga randa. Hakuna mtu aliyeuagiza. Nilipiga randa mpaka ubao ukawa mwembamba kama biskuti. Nikakaa chini katika yale maranda, nikalia. Nilipomaliza ndipo nikarudi, kwa sababu sasa ningeweza kusimama mbele yake."

Jacklyne alishusha sauti.

"Umemwambia mama hayo?" aliuliza.

"Ningemwambiaje? Mwenye maneno hapa nyumbani ni yeye." Alipangusa kioo cha dirisha kwa kiganja, ingawa hakikuwa na kitu. "Nilikuwa nikisema mama yako anaongea sana. Sasa nikirudi jioni nasikia friji tu. Jacky, friji si mtu wa kuishi naye."

Peres aliinuka bila kukumbuka bakuli. Njegere zilimwagika, zikabiringika chini ya viti mpaka pembeni mwa chumba. Alikwenda akaweka paji la uso kwenye mgongo wa mumewe, katikati ya mabega, mahali ambapo shati lilikuwa na harufu ya gundi na mbao. Odero hakugeuka, lakini mkono wake mmoja ulirudi nyuma ukamtafuta.

"Baba? Uko?"

"Niko," alisema Odero. "Mama yako yuko hapa."

Kesho yake Ramila alipokuja na chai yake ya tangawizi, Peres alimkazia macho, akaonyesha picha ya Odero ukutani, kisha akamnyooshea Ramila mwenyewe kidole. Ramila akaelewa mara moja. Akaketi na kupuliza hewa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe amesema! Mimi nilimwambia, Baba Quincy, bibi yako atafikiri wewe ulienda kutafuta pesa. Akasema, usiseme, tafadhali. Mimi naweza kukaa na siri? Ilinichoma hapa tumboni siku zote. Nikikuona, nakimbia kupika."

Peres alimshika mikono yote miwili na kuishikilia. Ndiyo maana khichdi ilikuwa nyingi. Alifikiria jinsi alivyolala juu ya kinyongo chake majuma yote hayo kama mtu anayelala juu ya jiwe na kulilaumu godoro. Siku hiyo alipokuwa peke yake alipiga magoti kando ya kitanda. Aliyezoea kumsimulia Mungu mambo kwa urefu alijikuta hana la kusimulia. Alikaa hivyo tu, akashukuru kwa uzito wa mwili mzima.

Mvua zilipungua, parachichi zikaanza kujaa, na sauti ikabaki kulala. Kuna siku Peres alijaribu kujizoeza kuishi bila hiyo. Aliwaza jinsi atakavyomwambia Bwana Moiz atafute mtu mwingine wa simu. Alijifikiria akikunja vitambaa ghalani, na akaona haitakuwa mwisho wa dunia. Siku nyingine hakuweza kuwaza hivyo, akaenda kusimama chini ya mparachichi mpaka moyo utulie.

Basi ikawa Jumapili moja, Odero yuko kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na simu sikioni. Siku hizi hata mahali pa Peres alikuwa amepachukua. Peres alikuwa jikoni akisuuza vyombo, mlango wazi.

"Sasa nikwambie mambo ya Ephantus," Odero alikuwa akisema. "Kile kitu mama yako alichokuwa anaonyesha siku ile. Kumbe amenunua kuku."

"Kuku tu?" Jacklyne aliuliza.

"Si kuku wa kawaida. Mkubwa, mweusi, ana ngozi nyekundu imening'inia shingoni. Anafukuza watu. Yule mtu wa kusoma mita za maji alipanda juu ya ukuta, akasoma mita kutoka huko huko. Ephantus anasema ni kuku wa kizungu."

"Baba, kuku wa kizungu ndio wepi?"

"Ndio hao. Kuku wa—"

"Bata mzinga!"

Neno lilitoka jikoni. Lilikuwa limekwaruza kama lango lenye kutu, limepasuka katikati, tena la chini kama la mwanamume mzee. Sahani ilikuwa mkononi mwa Peres, maji yakichuruzika. Alisimama hivyo hivyo, akiogopa kupumua, kama mtu aliyeona ndege ametua karibu naye.

Odero aligeuka pole pole. Simu ilikuwa imeshuka mpaka kifuani, na kutoka humo sauti ndogo ya Jacklyne ilikuwa ikipiga kelele: "Nani huyo? Baba! Nani ameongea?"

"Sema tena," Odero alimwambia mkewe.

Peres alimeza mate. "Bata mzinga," alisema, na mara hii nusu ya neno ilikuwa hewa tupu, lakini nusu nyingine ilikuwa sauti. "Si kuku. Mnyama mzima wa watu unamwita kuku."

Odero aliketi chini kwenye sakafu ya jikoni, hapo kwenye maji, akaanza kucheka. Kisha haikujulikana tena kama ni kicheko. Ramila aliwasikia kupitia ukutani, akaja mbio na unga mikononi akidhani kuna mtu ameanguka. Jacklyne, ambaye hakuna aliyemkumbuka, alilia peke yake simuni mpaka kadi ikaisha.

Sauti ilirudi, lakini si yote. Daktari aliifurahia, akasema itaendelea kupata nguvu, ila asitegemee ile ya zamani ya juu kabisa. Katika kwaya ya kanisa, alimokuwa akiimba kabla ya kuugua, Peres aliondoka mbele, walikokaa wanawake wa sauti ya kwanza, akahamia nyuma kwa sauti za chini. Siku ya kwanza alipoketi huko aliona uchungu. Alizisikiliza nyimbo zile alizokuwa akizipandisha mpaka darini zikipandishwa na mtu mwingine, tena mwenye kuvuta maneno. Lakini alifungua kinywa, na kitu kikatoka, nacho kilikaa chini ya wimbo kama mguu wa meza. Akaona inatosha. Akaona ni zaidi ya kutosha.

Bwana Moiz alikuwa amemwekea kiti chake. Alimweka mpwa wake kwenye simu kwa muda, na mpwa huyo, asiye na subira, aliwakatia watu wa Nakuru katikati ya maagizo mpaka wakaanza kununua kwingine.

"Mama Peres," alisema alipomwona akipanda ngazi, "hata kama utanguruma kama lori, wewe keti. Wateja wangu wameharibika."

Simu ya kwanza aliyopokea ilitoka Machakos, kwa Nzomo, mwenye duka aliyekuwa akinunua kwao tangu zamani.

"Wewe ni nani?" Nzomo aliuliza kwa mashaka aliposikia ile sauti nzito.

"Ni mimi, Peres. Mguu wa mama yako umepona?"

Peres akamsikia Nzomo akimwita mtu dukani, akisema kwa Kikamba maneno ambayo Peres hakuyaelewa, ila jina lake lilikuwemo. "Tulikuwa tunakuombea hapa," Nzomo akasema aliporudi. "Mimi na bibi yangu. Hatukujua sura yako, kwa hiyo tulisema tu, yule wa simu." Peres alilazimika kuweka mkono mdomoni kabla ya kuandika agizo lake.

Halafu ikafika ile Alhamisi. Jioni, Peres amevua viatu tu, Quincy akapiga simu kutoka hospitali. Nanjala amejifungua salama. Peres alipiga vigelegele kwa sauti yake mpya, na vigelegele vikatoka vibaya sana, vikawa kama injini inayokataa kuwaka, mbwa wa mtaa wakabweka. Odero alisimama mlangoni bado na kofia kichwani.

"Mpigie Jacky," alisema. "Usingoje Jumapili."

Peres alikwangua kadi, akabonyeza namba. Simu iliita huko Nyeri. Habari ilikuwa imemjaa mpaka kooni, kubwa kuliko zote alizowahi kumpelekea binti yake kupitia simu hiyo; alikuwa tayari anajua ataanzia wapi, atasimama wapi, atamwachia wapi Jacklyne apige kelele.

"Haloo, Mama? Kuna nini? Leo si Jumapili!"

Peres alimtazama Odero. Alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili, midomo yake ikisogea kidogo, kama mtu anayepima ubao kwa macho kabla ya kuukata.

Akamnyooshea simu.

"Mimi?" Odero aliuliza.

"Wewe."

Odero aliichukua. Alivuta kiti, akaketi, akakohoa. "Jacky," alianza, "juzi Quincy alikuja kibandani. Unajua hapendi kuja pale kwa ajili ya vumbi. Lakini alikuja, akasimama karibu na ule mwerezi nilioletewa wiki iliyopita, akaniambia, baba, mtoto atahitaji mahali pa kulala. Sasa mimi nikamuuliza, unataka kitanda cha miguu ya kubembea au cha kusimama? Kwa sababu cha kubembea..."

Peres aliketi kwenye mkono wa kochi karibu naye, akatia miguu yake iliyochoka chini ya mto. Nje Wamucii alikuwa akifunga kioski, na harufu ya vitunguu vya Ramila ilikuwa ikipita juu ya ukuta. Odero alikuwa amefika kwenye aina za misumari.

"Baba!" Jacklyne alipiga kelele. "Nanjala amejifungua? Ni msichana au mvulana?"

"Ngoja," Odero alisema bila haraka. "Nakuja huko."